Mali na Daftari: Maneno ya Fedha katika Mpaka wa Tunduma

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyeitunga aliona vitu viwili mbalimbali: upande mmoja mali, ambayo ni kitu chenyewe, na upande wa pili daftari, ambalo ni ukumbusho wa kitu hicho. Daftari likiungua, mali hubaki. Mali ikiibwa, daftari hubaki kumshuhudia mwenyewe hasara yake. Makala haya yakusudia kuonyesha jinsi tofauti hiyo ilivyopungua, hata katika sehemu kubwa ya biashara ya leo daftari lenyewe limekuwa ndiyo mali. Na kwamba badiliko hilo lasomeka wazi katika maneno ya Kiswahili yahusuyo fedha. Mahali palipochaguliwa ni Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, kwa sababu mpakani fedha haiwezi kujificha: kila siku hapana budi ihesabiwe, ibadilishwe na kulinganishwa na fedha ya jirani.

Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa, wilayani Mbozi. Tunduma ni mji wake wa mpakani, na ng'ambo ya mpaka uko Nakonde, mji wa Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapa, kadhalika reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975; na magari ya mizigo yaendayo Zambia na Kongo husimama hapa kungoja zamu yao. Wanyamwanga wanakaa pande zote mbili za mpaka. Katika Wilaya ya Ileje mkoa huo huo wapakana na Malawi. Basi mkoa mmoja wagusana na fedha tatu, yaani shilingi, kwacha ya Zambia na kwacha ya Malawi. Na ya nne ni dola ya Marekani, itumikayo katika biashara ya mbali.

FEDHA ILIYOKUWA KITU

Kabla ya sarafu kufika nyanda hizi, watu hawakukosa vitu vya kupimia thamani. Katika Ivuna, kandokando ya Bonde la Rukwa, ambako sasa ni Wilaya ya Momba, chumvi ilitengenezwa kwa karne nyingi. Uchimbuzi wa mambo ya kale uliofanywa huko katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilikuwapo tangu yapata karne ya 13. Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi wa chuma, wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo, na majembe yao yalibadilishwa kwa vitu vingine. Na katika miaka ya 1880, Njia ya Stevenson ilipoanza kukatwa kutoka Ziwa Nyasa kuelekea Ziwa Tanganyika, vibarua na wapagazi walilipwa nguo.

Chumvi, jembe na nguo vina sifa moja: kila kimoja chafaa hata kama sokoni hapana akitakaye. Mwenye jembe asiyepata wa kubadilishana naye aweza kulima; mwenye chumvi aweza kuila. Thamani imo ndani ya kitu, nayo haitegemei neno la mtu mwingine.

Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliiacha Njia ya Stevenson upande wa Waingereza, na mpaka wa nchi ukawa pia mpaka wa sarafu. Kaskazini ikaja rupia ya Wajerumani. Kusini zikaja pauni na shilingi za Kiingereza. Kilichoisukuma sarafu hata ikaingia vijijini ni kodi. Serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na upande wa pili wa mpaka kodi ya namna hiyo ikafuata. Mwanzoni mazao na kazi viliweza kupokewa. Lakini kadiri miaka ilivyopita, sarafu ndiyo iliyotakiwa. Mkulima hakuitafuta rupia kwa kuwa aipenda. Aliitafuta kwa kuwa serikali ilimdai rupia. Hivyo tangu mwanzo fedha ya sehemu hizi iliumbwa na mikono miwili: mkono wa soko na mkono wa utawala.

Maneno ya Kiswahili yaliyopatikana katika zama hizo yote ni majina ya vitu vya kushikika. Fedha latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini yale meupe, ambayo hata leo huitwa kwa jina hilo, kama katika mkufu wa fedha. Pesa lina asili ya Kihindi, nalo lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba. Seyyid Barghash wa Unguja alitoa pesa za shaba mwaka 1882, na Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ikatoa zake tangu 1890. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Hela latokana na Kijerumani Heller, jina la sarafu iliyoingia mahali pa pesa mwaka 1904, ambapo 100 zilifanya rupia moja. Watawala walioileta waliondolewa na Vita Kuu ya Kwanza, na sarafu yenyewe ikaacha kutumika. Bali jina limebaki, na leo ndilo neno la mazungumzo ya kila siku katika Tanzania bara.

Ng'ambo ya mpaka yaonekana mambo yaliyo karibu na hayo. Kibemba husema ulupiya, na wingi wake impiya. Yaelekea kwamba neno rupia lilipopokewa, silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi ukaundwa kwa kufuata kanuni ya ngeli hiyo. Kinyanja nacho husema ndalama, ambalo hulinganishwa na dirham ya Kiarabu. Kwa hiyo rupia, ambayo utawala wa upande ule haukuifanya sarafu yake, imeacha jina lake katika lugha ya upande ule. Maneno hupita forodhani bila kukaguliwa.

FEDHA ILIYOKUWA AHADI

Hatua ya pili ni noti. Noti si kitu chenye thamani ndani yake, bali ni ahadi iliyoandikwa, na ahadi hufaa kwa kadiri ya uwezo wa mwenye kuahidi. Jambo hili lilidhihirika mapema. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozuiliwa wasipate noti kutoka kwao, walichapisha noti za muda humu nchini kati ya 1915 na 1917, juu ya karatasi za namna mbalimbali kwa kadiri zilivyopatikana. Mwaka 1916, huko Tabora, zikapigwa pia sarafu za dhahabu za rupia 15. Mwenye dhahabu ile alibaki na dhahabu. Mwenye karatasi alibaki na neno la serikali ambayo haikuwapo tena.

Baada ya vita, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi ikashika mahali pa rupia. Shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza, na nguvu ya noti ilitokana na akiba iliyowekwa London kwa pauni. Ahadi ilikuwako, lakini mwenye kuahidi alikuwa mbali. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, na shilingi ya Tanzania ikatolewa. Januari 1968 Zambia nayo iliacha pauni yake ikatoa kwacha, mbili kwa kila pauni. Na kwa kiwango cha wakati huo kwacha moja ilikuwa sawa na shilingi 10 za Tanzania.

Jina la kwacha lastahili kuangaliwa na wachunguzi wa lugha. Halimpi taabu Mswahili, kwa kuwa ni kitenzi kile kile cha kumekucha. Nalo lilikuwa mwito wa wapigania uhuru kabla ya kuwa jina la fedha. Sehemu ya mia ya kwacha huitwa ngwee, neno la mng'ao wa mwanga. Malawi ikatoa kwacha yake mwaka 1971, kwa sababu iyo hiyo na kwa jina lilo hilo, hata mtu wa Ileje au Tunduma atajapo kwacha hana budi kueleza ni ya nani. Fedha, pesa na hela yalikuwa majina ya madini na ya sarafu. Kwacha ni jina la tukio la siasa. Badiliko la jina laonyesha badiliko la asili: thamani haitoki tena katika madini, yatoka katika dola. Na hapa Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno moja la sauti na asili mbili, yaani dola iliyo utawala, itokayo Kiarabu, na dola iliyo noti ya Marekani. Mpakani mara nyingi maneno hayo mawili hushindana.

Kwa kuwa fedha ilikuwa ahadi ya dola, dola ilitaka kuilinda. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mabenki yalitaifishwa, na fedha za kigeni zikawa chini ya udhibiti mkali. Katika hali hiyo mpaka ulizaa msamiati wake: magendo, yaani biashara ipitayo njia za kificho, ulanguzi, yaani kununua na kuficha ili kuuza kwa bei ya kupanda, na uhujumu uchumi, lililopata nguvu ya sheria mwaka 1983. Matendo yale yale ambayo babu zao waliyaita biashara, sasa yaliitwa kwa majina ya makosa. Kisha sera ikageuka. Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na mtu aliyekuwa akitazamwa kama mhalifu akaweza kuning'iniza kibao mlangoni chenye viwango vya siku. Katika 2018 na 2019 serikali ilikagua na kuyafunga mengi ya maduka hayo nchini. Mnamo Machi 2025 kanuni mpya zikakataza kuweka bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Zambia ilikuwa imejaribu kukataza jambo kama hilo mwaka 2012, ikaondoa katazo lake mwaka 2014.

Tendo moja la sera lilionyesha wazi zaidi kuliko yote kwamba fedha imekuwa hesabu tu. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika fedha yake. Aliyelala na kwacha 1,000,000 aliamka na 1,000. Wala hakupoteza kitu, kwa maana bei zote zilipunguzwa vivyo hivyo. Hapana awezaye kufanya hivyo kwa chumvi au kwa majembe. Akilala na majembe 1,000, ataamka nayo 1,000, au ameibiwa.

FEDHA ILIYO DAFTARI

Hatua ya tatu ilianza Tanzania mwaka 2008, M-Pesa ilipoletwa na kampuni ya simu ya Vodacom, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa Kenya. Zikafuata huduma za kampuni nyingine, kama Tigo Pesa, Airtel Money na Halopesa. Yafaa kuangalia jinsi jina pesa lilivyochaguliwa tena na tena. Neno lililokuwa la sarafu ya shaba, moja ya 64 ya rupia, limekuwa jina la fedha isiyo na madini wala karatasi. Katika huduma hizo hakuna kinachosafiri. Mtu wa Tunduma amtumiapo ndugu yake wa Vwawa shilingi 50,000, hakuna noti ipitayo njiani. Kampuni hupunguza namba katika mstari mmoja wa daftari lake na kuiongeza katika mstari mwingine.

Anayewakutanisha watu na daftari hilo ni wakala, na kazi yake yaeleweka vizuri kwa mfano. Mathalan wakala ana mtaji wa shilingi 1,000,000, ambao 600,000 ni noti zilizo mezani, na 400,000 ni floti, yaani salio lake katika simu. Akija mteja kutoa 100,000, mteja hutuma 100,000 kwa wakala katika simu na wakala humpa noti. Sasa noti ni 500,000 na floti ni 500,000; mtaji haukuongezeka wala kupungua. Akija mwingine kuweka 100,000, hesabu hurudi ilivyokuwa. Taabu yake huja wakati wote wajapo kwa haja moja. Siku ambayo wakulima wameuza mahindi na kila mtu ataka noti, floti hujaa na noti huisha. Na siku ambayo wafanyabiashara wataka kutuma, noti hujaa na floti huisha. Wakala hauzi fedha. Huuza uwezo wa kuvuka kutoka fedha ya namna moja hadi nyingine, kama mwenye mtumbwi katika kivuko.

Lugha ililazimika kuyaeleza mambo haya upesi, na mara nyingi haikungoja kamati. Mifano minne yatosha.

Wa kwanza ni kitenzi -toa. Zamani mtu akisema ametoa fedha, maana yake alimpa mwingine, na fedha ilimtoka. Sasa mtu asemaye anakwenda kutoa hela anakwenda kuipata; aitoa katika daftari ili iingie mkononi. Matumizi hayo yalianzia benki, lakini simu ndiyo iliyoyaeneza hata vijijini. Mzizi huo huo umezaa maneno mengine mawili ya maana. Katika kauli ya kutendea, ambapo l ya zamani hurudi, limepatikana fungu la maneno ya kutolea: mtu akiomba atumiwe 20,000 na ya kutolea, ataka aongezewe kiasi kitakacholipa ada ya wakala, ili mkononi zifike 20,000 kamili. Adabu mpya imezaliwa hapo, kwa kuwa atumaye bila ya kutolea huonekana ametoa zawadi yenye upungufu. Na katika kauli ya kutendesha kuna -toza, yaani kumfanya mtu atoe, ambalo limezaa tozo. Tozo ya serikali juu ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, ikapunguzwa Septemba mwaka huo huo baada ya malalamiko ya wananchi, ikapunguzwa tena 2022. Na mwaka 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa. Hivyo siasa nzima ya fedha hii imo ndani ya kauli tatu za kitenzi kimoja: mwenye mali hutoa, nduguye hutuma na ya kutolea, na serikali hutoza.

Mfano wa pili ni salio. Neno latokana na -salia, yaani kubaki, na kwa asili ni masazo, kile kilichobaki baada ya matumizi. Katika simu, salio ndiyo mali yote. Mtu aulizapo salio lake, haulizi masazo bali auliza utajiri wake. Daftari halijui mali isiyokuwa tofauti kati ya yaliyoingia na yaliyotoka.

Wa tatu ni muamala. Neno hili la Kiarabu lilitumika kwa mwenendo wa watu wenye kushirikiana, jinsi wanavyotendeana na kuaminiana. Watu wenye muamala mwema walikuwa watu waliojuana kwa muda mrefu. Sasa muamala ni tendo moja la malipo, lenye namba yake na saa yake, nalo laweza kufanywa na watu wawili ambao hawataonana kamwe. Neno lililokuwa na maana ya uhusiano limekuwa na maana ya tukio.

Wa nne ni kusomana. Mwanzoni daftari la kila kampuni lilikuwa peke yake. Tangu 2014 kampuni zilianza kupatana ili fedha iweze kwenda kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo uitwao TIPS, uunganishao mabenki na kampuni za simu. Lugha ya serikali husema kwamba mifumo yasomana. Kitenzi hiki kimechaguliwa vema, kwa sababu chakiri bila kusita kwamba kinachokutana si mali na mali, bali ni daftari na daftari.

HAWALA NA AMANA

Yaweza kudhaniwa kwamba Kiswahili hakikuwa na maneno ya fedha isafirio kama habari. Dhana hiyo si kweli. Wafanyabiashara wa pwani walijua hundi na hawala. Hawala ni kulihamisha deni: mtu aliye hapa hulipa kwa mmoja, na mwenziwe aliye mbali hulipwa na mwingine, bila ya fedha yenyewe kusafiri. Posta nayo ilikuwa na manioda, ambayo kwa miongo mingi iliwapelekea wazazi fedha za watoto wao waliofanya kazi mijini. Hata hivyo watumiao simu hawakuchukua neno hawala; walichagua kutuma, na katika mazungumzo ya vijana kurusha. Lakini mzizi wake umerudi kwa mlango mwingine, kwani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, huita malipo yake kwa kaya maskini uhawilishaji wa fedha.

Mpakani hawala yaweza kuonekana ikitendeka bila jina lake. Mawimbi ya simu hayasimami penye alama ya mpaka, na mtu awezaye kushika laini ya Tanzania na laini ya Zambia ana madaftari mawili mfukoni. Mfanyabiashara atakaye kwacha aweza kumtumia mbadilishaji shilingi katika laini ya Tanzania, naye mbadilishaji akatuma kwacha katika laini ya Zambia kwa mtu aliye Nakonde. Hakuna noti iliyovuka. Mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zilipata kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo mzigo hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Lakini fedha ya namna hii haina mzigo wa kukaguliwa. Sheria za fedha za kigeni zilitungwa kwa kuwaza noti katika begi. Sasa zahitaji kuwaza namba katika daftari, na lugha ya sheria yapaswa kwenda pamoja nazo.

Neno lililobeba uzito kuliko yote ni amana. Maana yake ya asili yajulikana: kitu alichokabidhiwa mtu akitunze, na kukirudisha kile kile kitakapotakiwa. Mwenye kupokea amana hana ruhusa ya kuitumia, akiitumia, amekhini. Mabenki ya Tanzania huita fedha za wateja amana, na chombo kinachowakinga wateja benki ifilisikapo huitwa Bodi ya Bima ya Amana. Lakini benki haiweki noti za mteja kando. Huzikopesha, na ndiyo kazi yake. Kwa kweli mteja ameikopesha benki, na benki ni mdaiwa wake. Hapo neno latuliza moyo zaidi kuliko hali ilivyo.

Katika fedha ya simu mambo ni tofauti kidogo. Kwa kanuni zilizofuata Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, kila shilingi iliyoandikwa katika simu za wateja hapana budi iwe na shilingi mwenzake iliyowekwa katika akaunti ya udhamini benki, na kampuni hairuhusiwi kuitumia kama mali yake. Mpangilio huu wakaribia amana ya kale kuliko akaunti ya kawaida ya benki. Hata hivyo ni neno amana lililobaki benki, na simu imepewa salio. Mkulima wa Momba asomaye maneno haya mawili aweza kufikiri kinyume cha mambo yalivyo: kwamba benki yatunza noti zake, na kwamba simu ina masazo tu.

Tofauti hizi si za wanazuoni peke yao. Mtu aliyezoea fedha ya mkononi ajua kwa macho na vidole kama imo au haimo. Katika fedha ya daftari, ujuzi wake wote wategemea maneno mafupi yanayotokea juu ya kioo cha simu, na walaghai wameligundua jambo hilo. Ujumbe usemao ile hela itume kwenye namba hii umewafikia watu wengi nchini, nao hauhitaji silaha. Wahitaji tu sentensi ya Kiswahili iliyoandikwa kama ndugu aandikavyo. Na mtandao usumbuapo, mwenye salio la kutosha hawezi kununua hata chumvi. Zamani daftari la duka lilikaa juu ya meza, na mkopaji aliweza kuomba alione. Daftari la sasa liko mbali, na mwenye mali huliona kwa dirisha dogo afunguliwalo na wengine.

Basi watungao kamusi na istilahi wana kazi mahali hapa. Yafaa -toa ipewe maana zake mbili zilizo kinyume, kila moja na mfano wake. Yafaa salio lielezwe kama jina la mali, wala si la masazo tu. Yafaa muamala uonyeshwe jinsi ulivyosafiri kutoka katika urafiki hadi katika hesabu. Na juu ya yote yafaa amana itenganishwe wazi, amana itunzwayo na amana ikopeshwayo, ili msomaji ajue ni ipi aliyoitia saini. Chumvi ya Ivuna haikuhitaji kamusi, kwa kuwa ulimi ulitosha kuijua. Fedha iliyo daftari haina ladha wala uzito. Mwenyewe huishika kwa maneno tu, na maneno yakiwa na mashaka, mali huweza kupotea daftari likiwa wazi mbele yake.